Sura ya Nne: Betri Iliyojaa Mno

Ofisi ya mpelelezi Everlyn Nakhumicha ilikuwa Ngara, ghorofa ya pili, juu ya duka la jumla la ndoo na mabeseni. Kabla mteja hajazifikia ngazi, ilibidi kwanza apenye katikati ya minara ya plastiki ya kila rangi, na wengi waliofika mlangoni pake walikuwa wamekwisha kununua kitu. Huyu wa Ijumaa asubuhi aliingia na beseni la samawati.

"Hata sikuwa nalihitaji," akasema, akilitazama kama aliyelikuta tu mkononi.

"Hakuna mtu huwa analihitaji. Keti, dada. Liweke hapo chini, haliongei."

Mteja akacheka kidogo, kisha akaanza kulia, kisha akajikasirikia kwa kulia. Nakhumicha alimsogezea karatasi za shashi na kungoja. Miaka aliyochunguza madai ya bima ilikuwa imemfunza kwamba mtu anayelia kwa hasira huwa anasema kweli. Wanaolia polepole ndio huwa wamechoma gari wenyewe.

Jina lake lilikuwa Virginia Wanjira, muuguzi, mkazi wa Mountain View. Jumapili usiku alikuwa apande ndege ya kwenda Ireland, kazi ya miaka miwili katika nyumba ya kutunzia wazee.

"Na mzee wangu mwenyewe amepotea," akasema. "Lakini kila asubuhi ananitumia picha."

"Waliopotea hawatumi picha."

"Ndivyo polisi waliniambia. Wakasema wangependa wazee wote wapotee hivyo."

"Na wewe hutaki kupanda ndege kabla hujamwona."

"Sipandi. Afadhali kazi ipotee."

Baba yake aliitwa Ephantus Kiarie. Alikuwa amepima mashamba ya watu maisha yake yote, na alipostaafu, badala ya kupumzika, akaanza kupima mtandao. Wazee wenzake wanacheza drafti, yeye anazunguka na simu akitafuta milingoti, zile busta za simu, aone ni ipi imepandishwa daraja. Akiipata anasimama chini yake, anapima spidi ya intaneti, anapiga picha ya skrini, anaituma kwa grupu ya familia.

"Kila mtu ame-mute hiyo grupu, isimpigie kelele," Wanjira akasema.

"Na wewe?"

"Mimi sija-mute."

Jumatatu mzee alimwambia kwamba kuna busta mpya zimewashwa Narok, na yeye hawezi kukaa Nairobi busta zikiwashwa bila shahidi. Angerudi Jumapili asubuhi, amsindikize binti yake uwanja wa ndege. Tangu hapo simu inaita tu, haishikwi. Kitu kinachofika, kuanzia Jumatano, ni picha ya spidi kila asubuhi, na maneno mawili chini yake: Salama kabisa.

Nakhumicha aliomba simu. Akazitazama picha za wiki hiyo moja baada ya nyingine, akizivuta kwa vidole viwili. Kulikuwa na spidi, saa, namba ya busta, na juu kabisa, pembeni, kile kibetri kidogo.

"Mzee wako anaitunza simu vipi?"

"Simu?" Wanjira alipangusa pua. "Ungemuuliza mtu mwingine angesema kama mtoto, lakini sisi watoto hatukutunzwa hivyo. Anasafisha tundu la chaji kwa kijiti cha meno kila Jumamosi. Hailazi kwa jua, wala haiweki chini ya mto. Na betri haipiti themanini, haishuki ishirini. Anasema betri ni kama tumbo la mwanadamu, shibe ndiyo huiharibu. Siku moja niliisahau kwenye chaji ikafika mia. Hakuniongelesha mpaka lunch."

"Tazama hapa juu."

Wanjira akatazama. Picha ya Jumatano, asilimia mia. Ya jana, mia. Ya leo, mia. Nakhumicha akarudi wiki iliyopita: sitini na tatu, sabini na moja, arobaini na nane.

"Hiyo simu haiko na Baba," Wanjira akasema.

"Au iko karibu naye na anayeichaji ni mtu mwingine. Usikimbie mbele yangu, dada, mimi ndiye nimevaa raba. Kitu cha pili. Hizi picha tatu zina busta moja. Inaishia 417. Yeye hupima busta moja siku tatu mfululizo?"

"Hawezi! Anasema ni kama kurudia mtihani uliopita."

Nakhumicha aliitafuta ile namba kwenye mazungumzo ya grupu. Ikapatikana mwezi wa Machi, na maneno ya mzee mwenyewe chini ya picha: Kangemi, nyuma ya soko. Wameongeza mitambo juu. Hongera kwao.

"Narok ya wapi hii?" Wanjira akanong'ona.

Nakhumicha alikuwa ameona jambo jingine akiwa huko juu kwenye grupu, akalifuata taratibu. Herufi za picha za Machi zilikuwa za kawaida. Za Juni zilikuwa zimenenepa. Za mwezi huu zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwisho wa kila mstari ulikatwa na ukingo wa skrini.

"Mbona maandishi ya simu yake yanakua?"

"Ah, hiyo huwa tunamchokoza nayo. Tunamwambia simu yake ni bango la barabarani, itabidi alipie leseni ya kaunti."

Nakhumicha ndiye hucheka kwanza kwenye matanga. Mara hii hakucheka.

"Twende Mountain View," akasema. "Na usisahau beseni lako."

*

Nyumba ya Mzee Kiarie ilikuwa na taa nyingi kuliko duka la taa. Jikoni balbu tatu, sebuleni tano, chooni mbili, zote za mwanga mkali. Mikebe ya chumvi na sukari ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyeusi, herufi ukubwa wa kidole. Kwenye meza ya chumba chake vilipangwa vifaa vya simu kama vya daktari wa meno: brashi laini, pamba, vijiti, kitambaa cha miwani, waya wa chaji uliokunjwa bila kupindwa.

"Hizi taa ameweka lini?"

"Mwaka huu. Alisema balbu za zamani ni za wezi."

Kwenye veranda kulikuwa na kiti kimoja kilichoelekea ukuta wa jirani, mahali pasipo na mandhari yoyote.

"Hapo ndipo mtandao hushika," Wanjira akaeleza. "Kwingine kote unaongea na mtu anakatika vipande. Ile busta ya nyuma ya estate wamekuwa wakiipandisha daraja tangu Pasaka. Anaifuatilia kama mimba ya kwanza. Anasema lazima iwashwe kabla sijaenda, ndio tukiongea kwa video asione pua leo na macho kesho."

Bawabu, mtu mrefu aliyeitwa Masila, aliitwa kutoka getini. Alikuja akiwa tayari amejitetea.

"Mimi nilifungua tu geti, madam. Jumatatu asubuhi. Mzee alitoka na kijana wa pikipiki."

"Kijana gani?"

"Mweusi, mpole, ako na begi ya mgongoni. Alimshika mzee mkono kutoka kwa mlango mpaka kwa pikipiki, kama bibi harusi."

"Mzee alikuwa mgonjwa?"

"Hapana, alinisalimia vizuri. Lakini alikuwa anatembea kama mtu anashuka ngazi ambazo haziko." Masila alishusha sauti. "Mimi nawaambia, huyo kijana ni wa wale. Mwezi uliopita si walinzi wa busta walimkimbiza mzee hapo nyuma? Walidhani anaiba betri za busta, kumbe anapiga picha. Sasa wezi wenyewe wamesikia kuna mzee anajua busta zote za Nairobi. Si wamemchukua awaonyeshe?"

Wanjira tayari alikuwa akielekea getini.

"Masila," Nakhumicha akasema, "mwizi anayemshika mtu mkono ili asijikwae, mimi bado sijakutana naye. Nikimpata nitamwajiri." Akamgeukia Wanjira. "Kangemi ni hapo tu. Wewe unabaki."

"Sibaki!"

"Unabaki, kwa sababu ukimwona mtu ana simu ya Baba utamrukia, na mimi nataka aongee akiwa bado na meno. Weka simu yako mkononi. Nikipiga, unakuja."

*

Kazi iliyofuata ingemwaibisha mpelelezi yeyote mwenye suti. Nakhumicha aliweka kwenye simu yake app kama ile ya mzee, akazunguka soko la Kangemi mkono ukiwa juu, akingoja namba inayoishia 417. Alipita kwenye mitumba, akapita kwenye viazi, akajikuta mara mbili kwenye kinyozi yule yule.

"Sista, shusha mkono!" mwuza omena akamwita. "Mungu amekuona!"

"Bado sijamaliza kuomba, mathe!"

Namba ilitokea nyuma ya soko. Busta yenyewe ilisimama juu ya mabati, na chini yake palikuwa na msururu wa vibanda. Alama za mtandao zilijaa kabisa mbele ya kibanda kimoja chenye kioo, kilichoandikwa CLIFFORD DAKTARI WA SIMU. Ndani aliketi kijana mweusi, mpole. Begi la mgongoni lilining'inia kwenye msumari. Pikipiki ilikuwa nje. Kando yake, kwenye jiko la makaa, mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kijani alikuwa akiuza uji wa wimbi.

"Niaje," Nakhumicha akasema.

"Poa sana, sista. Skrini ama betri?"

"Betri. Niambie, simu inafaa kuchajiwa mpaka ngapi?"

"Themanini," kijana akajibu bila kuinua kichwa. "Na usiiache ishuke ishirini. Betri ni kama tumbo la mwanadamu, shibe ndiyo huiharibu."

"Maneno matamu. Nani alikufunza?"

"College."

"College gani?"

"Ya... huko tao."

"Na principal wa hiyo college, anaitwa Ephantus?"

Bisibisi ilianguka. Ilibingirika juu ya kioo, ikaanguka chini, na kijana akainama kuitafuta kwa muda mrefu kuliko bisibisi yoyote inavyohitaji.

"Sijui huyo mzee," akasema akiwa kule chini.

"Sijasema ni mzee."

Kijana aliinuka, akapangusa bisibisi ambayo haikuwa na vumbi. "Madam, hapa wanapita watu wengi. Siwezi kujua majina ya kila mtu. Mimi ni wa simu tu."

"Basi nionyeshe simu ulizonazo."

"Uko na warranti?" Alimaanisha karatasi ya mahakama.

"Sina. Mimi si polisi."

"Basi nunua kava."

Nakhumicha alikuwa akitafuta jibu la kumkomesha, lakini simu yake ikazima mkononi. Ile app ilikuwa imekula betri yote. Akabaki ameshika kipande cheusi, hana app, hana namba ya mteja, hana hata tochi.

"Pole, mama," yule wa uji akasema. Alikuwa amesikiliza kila neno huku akijifanya anakoroga. "Leta hiyo nikuchajie. Kwa Clifford stima ya leo imekatika, lakini nyumba yangu iko hapo nyuma. Keti, nikupee uji. Msichana mzuri namna hii anazunguka soko bila kitu kwa tumbo!"

"Usijisumbue, mama..."

"Philister. Mama Oduor. Huyu Clifford ni wangu. Mbona unasumbua kijana wangu? Ameiba?"

"Bado sijajua."

"Basi kunywa uji ukijua."

Philister alimjazia Nakhumicha kikombe kimoja. Kisha akajaza chupa ya chai kwa uji ule ule, akauchuja kwanza kwa kitambaa, kwa uangalifu. Akafungua mfuko, akatoa mrija wa plastiki, ule wa soda, wenye shingo ya kupinda. Akaupuliza vumbi, akautia mfukoni mwa aproni, akachukua chupa na simu ya Nakhumicha, akapotea kwenye kichochoro.

Nakhumicha alikunywa uji. Ulikuwa mzito, wenye ndimu. Kijana naye alifungua simu ile ile mara tatu na kuifunga mara tatu.

"Mama yako ana mtoto mdogo nyumbani?" Nakhumicha akauliza.

"Hapana."

"Mjukuu?"

"Mimi sijaoa, sista. Unanitafutia?"

"Naangalia tu nani anakunywa uji kwa mrija."

Kijana akaacha utani. Akageukia ukuta, akaanza kupanga kava zilizokuwa zimepangika tayari.

Wateja walikuja wakaenda. Mmoja alitaka protekta, mwingine simu iliyoanguka kwenye sufuria ya githeri. Nakhumicha hakuondoka. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa kibanda Philister aliporudi mara ya mwisho, mikono ikinukia dawa ya hospitali, akamkabidhi simu. Ilikuwa imepanguswa mpaka ikang'aa. Pembeni juu: mia.

Nakhumicha aliitazama ile namba kwa muda.

"Mama, si ungeitoa hata kwa themanini?"

"Themanini ndiyo nini?" Philister akaweka mkono mmoja kiunoni, mwingine ukikoroga uji. "Wewe jirani akikuletea mboga kwa bakuli, unalirudisha tupu? Ama unaliwekea nusu? Mtu akiacha chombo chake kwangu, kitarudi kimejaa. Hivyo ndivyo tulilelewa. Huyu Clifford hunigombeza kila siku, ati mama toa chaji, ati mama unaua betri. Na mzee mwenyewe akishikwa na..."

Mwiko ulibaki hewani, ukidondosha uji.

"Mama," kijana akasema kwa upole, akifumba macho.

Nakhumicha aliweka kikombe chini.

"Clifford, keti. Hakuna mtu anashikwa. Nisikize, na nikikosea uniambie. Mzee alinenepesha herufi za simu yake mwaka mzima. Akajaza nyumba taa. Jumatatu alitembea kama anashuka ngazi ambazo haziko, ukamshika mkono. Sasa anakunywa uji kwa mrija unaopinda, maana yake hawezi kuinua kichwa. Na mama yako ananukia dawa. Ni jicho?"

Kijana aliketi kwenye mkebe wa rangi.

"Lile pazia la ndani ya jicho lilibanduka," akasema. "Daktari alisema bila operesheni litakuwa giza kabisa. Wakampasua Jumanne, wakamwekea hewa ndani, kama kiputo, kisukume pazia lirudi ukutani. Lakini kiputo hupanda juu. Kwa hivyo lazima alale akiangalia chini. Usiku na mchana, mpaka Jumapili. Akiinua kichwa, kazi yote imeharibika."

"Na binti yake ni muuguzi. Angemtunza kuliko mtu yeyote."

"Hiyo ndiyo shida, sista! Mama yake Wanjira alipougua, Wanjira alikuwa na visa tayari. Aliacha ikaisha muda, akakaa kando ya kitanda mpaka mwisho. Mzee alisema mtoto hawezi kuachwa na ndege mara mbili kwa sababu ya wazazi. Akanifanya niape kwa Biblia ya mama. Nishike simu, nipime spidi kila asubuhi, nitume. Naye asipokee simu za Wanjira, kwa sababu sauti ikitoka kwa mto inasikika kama mtu ako ndani ya pipa, na huyo msichana angejua mara moja."

"Mlijuana wapi?"

"Hapa." Clifford alionyesha juu, kwenye busta. "Siku walipoiwasha upya nilikuwa nimesimama hapo nje napima. Nikaona mzee anapima pia. Tulikuwa wawili tu, tukapiga makofi. Watu walidhani tumeokoka. Tangu siku hiyo, Jumapili baada ya kanisa tunazunguka pamoja. Sina baba, sista. Si ati ninalilia. Nasema tu." Akakuna kichwa. "Nilidhani nimefanya kila kitu kama yeye."

"Ulifanya. Shida yako ni moja tu, mama yako ni mtu mzuri."

Philister alikuwa amejipangusa macho kwa kitambaa cha kijani. "Nimeharibu?"

"Umeharibu vizuri sana, mama," Nakhumicha akasema, na akapiga simu Mountain View.

*

Wanjira alifika mbio, beseni la samawati kifuani. Hata yeye hakujua kwa nini alikuwa amelibeba. Philister hakuuliza. Alilipokea kama jambo lililopangwa, akasema, "Hili ndilo nilikuwa nataka la kumwoshea uso," akatangulia kichochoroni.

Chumba kilikuwa kimoja, chenye pazia la maua lililokigawa. Nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha Clifford, Mzee Kiarie alilala kifudifudi, paji la uso juu ya leso iliyoviringwa ukingoni mwa godoro, uso ukitazama sakafu. Jicho moja lilifunikwa. Mgongo wake, katika fulana nyeupe, ulionekana mdogo kuliko Wanjira alivyoukumbuka. Simu yake ilikuwa kwenye stuli, imeunganishwa na chaji.

"Clifford," mzee akasema, na kweli sauti ilitoka kama ya mtu ndani ya pipa. "Umepita kwetu? Ile busta ya nyuma wameiwasha?"

Philister alimshika Nakhumicha mkono.

Wanjira alivua viatu. Akapiga magoti, mzee akaanza, "Nani huyo?" na Wanjira akalala chali kwenye saruji, akajisukuma kwa visigino mpaka kichwa chake kikaingia chini ya ukingo wa kitanda, uso ukielekea juu, moja kwa moja chini ya uso wa baba yake. Walikuwa karibu kiasi cha kugusana pua.

Jicho zima la mzee lilipepesa, likatafuta, likapata.

"Mami," akasema. Wanjira alikuwa na jina la mama mzazi wa mzee, na tangu azaliwe mzee hakuwahi kumwita vingine.

"Baba, Narok kuko aje?"

"Kuna baridi." Chozi lilimdondoka mzee, na kwa jinsi walivyolala, halikuwa na pa kwenda ila kwenye shavu la binti yake. "Usilale kwa simiti. Utashikwa na mgongo kabla ya safari."

"Unaniona?"

"Karibu hivi, nakuona yote. Ni mbali ndiko nimekosana nako." Akavuta pumzi. "Ni Clifford amesema?"

"Clifford hajasema. Ni betri yako. Ilikuwa mia."

"Mia?" Mgongo wote ukakakamaa. "Mia! Philister!"

"Usiinue kichwa, mzee!" Philister akajibu kutoka upande wa pili wa pazia. "Utanigombeza Jumapili!"

Wanjira alicheka, na akicheka akalia, na safari hii hakujikasirikia. Alipandisha mkono, akaushika uso wa baba yake kwa chini, kama mtu anayeshika bakuli lililojaa.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungebaki. Nakujua. Nilitaka uende ukijua baba yako ako milimani anafukuza mtandao. Sikutaka uondoke na picha ya mtu amelazwa kama mkeka."

"Ukiinuka Jumapili asubuhi, jioni unaweza kukaa kwa gari?"

"Daktari amesema naweza."

"Basi utanisindikiza na hiyo plasta. Nitaenda, Baba. Leo na kesho dawa nitakuwekea mimi, na Jumapili nitaenda. Lakini hizo spidi sitaki tena. Kila asubuhi nataka uso. Hata kama ni pua leo na macho kesho."

Mzee alifikiri. "Pua naweza," akasema.

Clifford alikuwa amesimama mlangoni, akijifanya anatazama kichochoro. Nakhumicha alipanga kuondoka kimya, lakini Wanjira akamwita kutoka chini ya kitanda.

"Dada. Hiyo simu ya Baba iko ngapi?"

Nakhumicha akaiangalia. "Sabini na tisa."

"Ngojeni," mzee akasema.

Wakangoja wote. Philister na mwiko wake, Clifford mlangoni, Nakhumicha ameinamia stuli, baba na binti uso kwa uso. Nje mtu alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma kwa sauti ya mchungaji.

"Themanini," Nakhumicha akatangaza.

Wanjira alinyoosha mkono bila kuangalia, akapapasa waya, akauchomoa.

"Asante, Mami," mzee akasema.

"Nusu bakuli," Philister akanung'unika, akaenda kuchota maji kwa lile beseni la samawati, na akalijaza mpaka ukingoni.